Uma ulikatika kwanza, au ni breki? Jibu kwa dada wa Tanga

Swali: "Mdogo wangu ana miaka 24, anatembeza samaki kwa baiskeli hapa Tanga. Mwezi uliopita alfajiri, akishuka tuta, uma wa mbele ulikatika juu kabisa, pale unapoingia kwenye fremu. Aliangukia uso. Meno mawili yametoka na mtulinga umevunjika. Waliokuwepo wanasema alibana breki ya mbele ghafla, ndiyo maana uma ukakatika. Yeye anaapa hakugusa breki, usukani ulimwachia tu. Baiskeli si yake, ni ya mtumba, anaikodi na kupeleka hesabu kila jioni. Mwaka jana iligongana na bajaji na uma ukachomelewa. Sasa mwenye baiskeli anataka alipwe, na fundi anasema atauchomelea tena ili mdogo wangu arudi kazini wiki ijayo. Sijui nimwamini nani. Vipande vya uma ninavyo, nimevifungia ndani."

Pole sana, dada, na mfikishie pole mgonjwa. Umefanya jambo la maana kuliko mashahidi wote wa alfajiri ile kwa kuvihifadhi vipande. Kwa kawaida uma uliokatika hufika kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla jeraha halijakauka, na ushahidi wote unaondoka kwa bei ya soda.

Nianze na lisilohitaji kuangalia chuma chochote: wiki ijayo asirudi kwenye baiskeli, iwe yenye uma mpya au wa zamani. Mtulinga wa mtu mzima huchukua kama wiki 6 hadi 12 kuunga. Kijana huona maumivu yamepungua akadhani amepona, kumbe mfupa bado hauwezi kuzuia usukani wakati kreti la samaki na barafu linavuta nyuma. Apige picha nyingine ya eksirei Bombo au hospitali iliyomtibu, na daktari ndiye aseme lini. Akihisi ganzi mkononi, vidole vikiwa vya baridi, au kichwa kikimuuma kwa namna inayozidi, akitapika au akisinzia ovyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Sasa tuje kwa mashahidi. Siwaiti waongo. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita zaidi ya mita 5 kila sekunde, na tangu uma kuachia hadi uso kugusa lami hakuna hata nafasi ya kusema "jamani". Aliyesimama pembeni hushtuliwa na kishindo, akageuka, akamkuta mtu hewani kichwa mbele. Yaliyotangulia anajijazia mwenyewe, na anajijazia lile ambalo kila mtu analijua, kwamba breki ya mbele inapindua. Shida ni kuwa uma ukikatika mtu huruka vilevile. Gurudumu linajikunja chini, pua ya fremu inachimba barabara, na mwendeshaji anatangulia kwa uso. Meno na mtulinga wake havituambii chochote kuhusu chanzo.

Maneno yake kwamba usukani "ulimwachia" yanaweza kusikika kama kisingizio, lakini ndivyo inavyokuwa. Mwaka 2006, katika mbio za Paris–Roubaix ambazo hupita kwenye barabara za mawe, Mmarekani George Hincapie alikuwa kundi la mbele pale shingo ya uma wake, yaani bomba la juu linaloingia kwenye fremu, ilipokatika. Usukani ukabaki hauongozi kitu, akaanguka na kuumia bega. Huyo alikuwa na timu ya mafundi na baiskeli ambayo bei yake ingenunua kibanda cha samaki. Mwendeshaji wa namna hiyo hakukatikiwa kwa kutojua kubana breki.

Lakini tuseme mdogo wako alibana. Hapa ndipo ugomvi wenu wote unapoyeyuka. Breki ya mbele ina kikomo ambacho baiskeli yenyewe inakiweka: ukibana kupita kiasi fulani, ama tairi linateleza ama gurudumu la nyuma linanyanyuka. Kwa mtu aliyekaa wima kikomo hicho hufika nguvu ya breki inapokuwa kama nusu ya uzito wa mtu na baiskeli, au zaidi kidogo. Akiwa na kreti nyuma kinasogea mbele kidogo, kwa sababu mzigo unaishikilia nyuma isinyanyuke. Uma mzima hutengenezwa kubeba nguvu hiyo kila siku kwa miaka. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka uma upindwe mbele na nyuma mara 100,000 maabara bila kuvunjika wala kuonyesha ufa. Kwa hiyo uma unaokatika kwa sababu mtu amebana breki, au kwa sababu ameshuka tuta, ulikuwa umeshakwisha kabla ya hapo. Kubana breki mbele ya tuta ni kuendesha baiskeli kama inavyopaswa. Swali la haki halihusu alichofanya sekunde ile. Linahusu hali ya uma alipokabidhiwa.

Wengi hudhani chuma hukatika kama kijiti, yaani nguvu ikizidi kinavunjika, isipozidi kinabaki kama kilivyokuwa. Ingekuwa hivyo, uma uliovuka matuta elfu ungevuka na la elfu moja na moja. Ukweli ni kwamba chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa, hata kwa nguvu ndogo isiyoacha alama yoyote, huanza kufanya ufa mdogo mno mahali palipo dhaifu: kwenye mkwaruzo, shimo la kutu, au ukingo wa mshono wa kuchomelea. Kila tuta na kila shimo huusogeza ufa huo kiduchu. Kwa muda mrefu mwendeshaji hahisi lolote. Sehemu nzima inayobaki inazidi kupungua na bado inabeba mzigo uleule, hadi siku moja tuta la kawaida kabisa linaimaliza. Sisi wahandisi huita hali hii uchovu wa chuma, na ndiyo sababu ya sehemu kubwa ya vyuma vinavyovunjika kazini, kuanzia ekseli za treni hadi springi za daladala.

Mahali ulipotaja, juu kabisa ya uma chini ya gololi za shingo, ndipo panapopata adhabu kubwa zaidi. Miguu ya uma ni kama mtaimbo: gurudumu linasukuma kwa chini, na mkunjo wote unakusanyika pale shingo inapotokeza kwenye fremu. Nimeshangazwa mara nyingi na mafundi wanaokagua cheni, tairi na keria, kisha sehemu hiyo wanaiacha kwa kuwa haionekani mpaka uma uchomolewe.

Ya Tanga yana nyongeza. Chuma cha kawaida kikiwa kikavu kina kiwango cha nguvu ambacho kikipigwa chini yake kinaweza kudumu bila ufa kuanza. Kikiwa kwenye chumvi, kiwango hicho hakipo tena, na hata mitikisiko midogo inahesabiwa. Ongeza kwamba shingo ya uma mara nyingi ni bomba lililo wazi kwa chini, hivyo tope na maji vinavyorushwa na tairi vinaingia ndani na kukaa. Baiskeli inayolala ufukweni na kubeba maji ya samaki inaliwa kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiwa safi.

Watu watakuambia pia mzigo ulikuwa mkubwa. Inawezekana, ila kreti lililo kwenye keria hukandamiza zaidi gurudumu la nyuma, na likizidi nyuma ya ekseli hulipunguzia la mbele. Kama kreti ndilo lingekuwa chanzo, ningetarajia keria, spoki za nyuma au fremu karibu na kiti vitangulie kulalamika. Kinachouchosha uma ni matuta, mashimo, breki, na vinavyoning'inizwa usukanini, kama ndoo na mizani. Na gololi za shingo zilizolegea, maana hapo kila pigo linakuwa nyundo.

Haya, vitoe vipande. Usivisafishe, usivipige msasa, na tafadhali usivirudishe pamoja kuona kama vinaingiana, kwani kila mtu hutamani kufanya hivyo na ndivyo alama zinavyosagika. Vipeleke penye mwanga unaoingia kwa upande, asubuhi au jioni, uangalie uso wa mkato wenyewe.

Kama ni uchovu wa chuma, utaona sehemu mbili tofauti. Moja ni laini, imefifia, ina kutu ya kahawia iliyokolea au nyeusi, na mara nyingi ina mistari iliyopinda mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo maji huacha kwenye mchanga yanapokupwa. Huo ni ufa wa siku nyingi, na mistari hiyo inakurudisha hadi pale ulipoanzia. Sehemu ya pili ni ya kukwaruza, yenye chembechembe, na hiyo ndiyo iliyokatika alfajiri ile. Kadiri ya kwanza inavyokuwa kubwa, ndivyo uma ulivyokuwa umeoza mapema zaidi. Nimeziona za namna ambayo chuma kizima kilichokuwa kimebaki hakifiki hata robo ya mzunguko.

Tahadhari moja kuhusu rangi. Mwezi mzima umepita, na kwa hewa ya huko hata mkato mpya umeshapata kutu. Kutu ya mwezi mmoja ni nyepesi, ina rangi ya machungwa, na hutoka ukigusa. Ya zamani imekolea na kushika. Ukichanganyikiwa, amini umbo la uso kuliko rangi.

Kama ungekuwa umekatika kwa pigo moja kubwa, uso wote ungekuwa wa aina moja, na bomba lenyewe lingekuwa limevutika, limepinda au limebonyea karibu na mkato. Chuma kizima hakikubali kirahisi, kinajikunja kwanza. Angalia na vitu vya jirani. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele huwa na rimu iliyobonyea, miguu ya uma iliyorudi nyuma, na mikunjo chini ya mabomba mawili ya fremu nyuma kidogo ya shingo. Kitu kikiingia kwenye gurudumu, kwa mfano kamba ya kufungia mzigo, mfuko wa usukanini au waya wa madigadi, gurudumu husimama ghafla, na utakuta spoki zimepinda upande mmoja na alama ya kilichonaswa. Hilo la tatu ni chanzo kikubwa cha watu kupaa mbele ambacho hakitajwi, kwa sababu kamba ikishatolewa hakuna anayeikumbuka. Muulize mdogo wako kuhusu kamba, bila kumtuhumu.

Hukusema uma ulichomelewa sehemu gani mwaka jana. Angalia kama mkato umepita pembeni mwa mshono ule, milimita chache tu. Kama ndivyo, ningeshangaa kukiwa na chanzo kingine.

Maana kuchomelea hakurudishi uma katika hali yake ya kwanza, hata akichomelea fundi bingwa. Mshono unaweza kuwa mnene na mgumu, lakini ukingo wake, pale chuma kilichoyeyushwa kinapokutana na bomba, ni kona kali ambamo nguvu hukusanyika. Chuma kikipoa kinajivuta na kubaki kimekazwa ndani yake chenyewe, kwa hiyo ufa unakuta nusu ya kazi imeshafanyika. Bomba la uma ni jembamba, na umeme wa kuchomelea mageti hulitoboa au hushika juu tu bila kuingia. Shingo nayo ikipata joto inapinda kidogo, gololi hazikai sawa, zinalegea. Kwa viungo vilivyochomelewa tuna kanuni ambayo wengi hawaitarajii: nguvu inayokikunja kiungo ikiwa mara mbili, maisha yake hayawi nusu, yanakuwa karibu sehemu moja ya nane. Ndiyo maana uma wa aina hiyo huonekana mzima miezi kadhaa, fundi akapata sifa, halafu ukaachia bila taarifa. Keria ichomelewe, stendi ichomelewe, madigadi pia. Uma, usukani na shingo yake, hapana. Na wenye baiskeli za alumini wajue kwamba joto la kuchomelea huondoa sehemu kubwa ya nguvu ya alumini kandokando ya mshono, na hairudi mpaka ipitishwe tena kwenye tanuri maalumu.

Mtu anaweza kuniambia kuwa vifaa vya baiskeli vinavunjika kila siku na watu hawafi. Ni kweli, na ajali nyingi za baiskeli zina mkono wa gari, shimo au giza kuliko wa kifaa kibovu. Lakini kifaa gani kimevunjika ndiyo habari yenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya Shimano iliita kwa ukaguzi kranki (mikono inayoshika pedali) takriban 680,000 zilizouzwa Marekani, kwa sababu vipande viwili vilivyogundishwa vilikuwa vinaachana. Taarifa za kranki kuachana zilikuwa 4,519, na majeruhi walioripotiwa 6. Mwaka 2015 kampuni ya Trek iliita baiskeli takriban 900,000 nchini humo, kwa sababu mkono wa kufungia ekseli ya mbele, ule usiohitaji spana, ungeweza kunasa kwenye sahani ya breki. Matukio yaliyoripotiwa yalikuwa 3, na yote 3 yaliumiza watu, mmoja akapooza mikono na miguu. Kranki ikiachia unapata nafasi ya kuweka mguu chini. Gurudumu la mbele, uma au usukani ukiachia, huna nafasi. Pesa ya matengenezo ikiwa kidogo, ianzie mbele.

Kwa hiyo uma unabadilishwa. Uma mpya wa chuma wa kawaida si kitu cha anasa, na wa mtumba unakubalika kama umechomolewa, umefutwa na kukaguliwa. Fundi apime upana wa shingo, urefu wake na nyuzi za nati, si ukubwa wa gurudumu peke yake. Baiskeli za mtumba kutoka Japani zinastahili tahadhari ya ziada: kwenye nyingi, sehemu inayokaa ringi ya chini ya gololi ina upana wa milimita 27.0, wakati kipimo kingine kilichoenea ni 26.4. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho. Ringi ikiwa pana, fundi hujazia kipande cha kopo, nayo hulegea baada ya wiki. Ikiwa ndogo hugongwa kwa nyundo hadi iingie, na mkwaruzo unaobaki ndio mwanzo wa ufa mwingine. Kabla ya kununua chochote, iangalieni fremu pale nyuma ya shingo kwa ile mikunjo niliyotaja. Bajaji iliyopindisha uma mwaka jana inaweza kuwa imepindisha na fremu, na hapo uma mpya ni pesa iliyotupwa.

Baadaye, akishapona, njia ya kukagua haina gharama. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tok tok" shingoni, gololi zikazwe kabla ya safari. Uma ukichomolewa kutiwa grisi, mara moja kwa mwaka, na kwa kazi ya samaki mara mbili, paka mafuta ya taa pale shingo inapoungana na miguu, acha kidogo, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Ufa ukiwepo, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ni mbinu ya karakana za zamani na bado inafanya kazi. Njiani asipuuze mlio mpya wa kukwaruza anapovuta usukani, au breki ya mbele inayotetemesha baiskeli ghafla wakati zamani haikuwa hivyo.

Kuhusu deni, mimi si mwanasheria. Ila ningekuwa nakaa nanyi, nisingelipa kitu kabla mkato haujaangaliwa na mtu asiye na upande. Piga picha nyingi kwa mwanga wa upande, weka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, piga na mshono wa zamani, rimu na fremu. Funga vipande kwenye mfuko mkavu, kila kimoja na wake. Ukiwa na njia, mwalimu wa uchomeleaji wa chuo cha ufundi cha VETA au mhandisi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani anaweza kutambua ufa wa zamani kwa kuangalia tu, na likifika mbali zaidi kuna maabara za shirika la viwango, TBS, na za uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisha kaeni na mwenye baiskeli mbele ya serikali ya mtaa, vipande vikiwa mezani. Kama ufa ni wa zamani, mdogo wako alikodishiwa baiskeli iliyokuwa imeshaanza kukatika, na kwa maoni yangu mazungumzo yaanzie kwenye gharama za meno na hospitali, si kwenye bei ya uma. Kama uso wote ni mpya na rimu imebonyea, basi kuna kitu aligonga au kilichonasa, na itabidi akubali kuulizwa upya.

Nina ombi moja kwa mwenye baiskeli, umfikishie kwa upole. Kama ana nyingine anazokodisha, azichomoe uma zote wiki hii, kabla ya kudai chochote. Alizonunua pamoja na hii, zikapita barabara zilezile na kuchomelewa na fundi yuleyule, ziko njiani alfajiri ya kesho na vijana wengine juu yake.